Nilishona Sare Ili Kwaya Isicheze

Mimi ndiye yule mzee wa kanisa aliyepiga magoti mbele ya mke wake katikati ya ibada, akatoa wembe mfukoni, akamchana sare ya kwaya kuanzia kifundo cha mguu mpaka juu ya goti.

Kanisa zima likiangalia. Mchungaji akiwa ameshika kipaza sauti.

Kama uliwahi kuisikia habari hii mahali, basi umeisikia vibaya. Wengine wanasema nilipandwa na mashetani. Wengine wanasema ni wivu. Kuna mama mmoja sokoni anaapa kwamba nilikuwa nimelewa, na mimi hata soda ya baridi inanipa kikohozi.

Leo naieleza mwenyewe. Ukitaka kunicheka, cheka tu, nimeshazoea.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda mbele ya stoo ya saruji, mashine mbili za umeme, meza ya kukatia na kioo kirefu chenye ufa pembeni. Kwenye kazi sina aibu. Suruali yangu ukiivaa utadhani ulizaliwa nayo.

Kanisani niko kwenye baraza la wazee, tena ndiye katibu. Naandika mihtasari, nafungua sanduku la maoni, nabandika matangazo ubaoni, na muhuri ninao mimi. Cheo hicho kiliniingia kichwani, sikatai.

Vijana walinipa jina la utani, Rula. Ni kwa sababu wakati wa nyimbo, watu wote wakiyumba, mimi nasimama wima, mikono imeshikana mbele, sitikisiki hata kope. Wao walikuwa wananikejeli. Mimi nilidhani wananisifu.

Msimamo wangu kuhusu kucheza kanisani ulijulikana. Nilikuwa hata na sentensi yangu: "Mungu si mgeni wa harusi kwamba lazima aburudishwe." Naisema taratibu, nanyamaza kidogo, naangalia watu wanavyotikisa vichwa. Nilijiona nimetema madini.

Sasa ukweli.

Sijui kucheza.

Sizungumzii kutojua kwa kawaida. Nazungumzia kutojua kwa kuhatarisha watu. Siku ya harusi yetu, miaka ishirini na sita iliyopita, nilimkanyaga bibi harusi gauni nikiwa kwenye hatua ya tatu ya wimbo wa kwanza, likachanika kiunoni, wakwe wamekaa mstari wa mbele. Na mtu alikuwa na kamera.

Ile kanda ilitembea ukoo mzima. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mpaka leo akikutana nami mlangoni ananyanyua pindo la sketi yake na kupita kwa tahadhari.

Tangu siku ile nikagundua kwamba kucheza ni dhambi. Mnaona jinsi mafunuo yanavyokuja.

Basi, mwaka jana mke wangu alianguka jikoni. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukagoma, mkono na mguu.

Huyu ni mtu ambaye hakuweza kupika bila kuimba, na hakuweza kuimba bila kutikisa bega. Ghafla akawa mtu wa kukaa. Anakaa kitandani, anakaa uani kwenye kiti cha plastiki, anakaa sebuleni anauangalia mguu wake kama mtu anayesubiri majibu.

Niliogopa sana. Nilimwogesha, nilimlisha, nikajifunza kumsuka nywele, akawa anatoka nyumbani na mistari inayokwenda kila upande, na hakulalamika. Kipindi hicho nilikuwa mume mzuri. Naomba mniandikie hilo pembeni, maana huko mbele sina cha kujitetea nacho.

Daktari wa mazoezi alituambia mguu uchokozwe kila siku, usipochokozwa utasahau kazi yake. Polepole akaanza kutembea kwa fimbo. Akarudi kwenye kwaya ya akina mama, wenzake wamesimama, yeye ameketi kwenye kiti mwisho wa mstari. Nikaona inatosha. Mungu ametenda, tufunge faili.

Kumbe mwenzangu hakuwa amefunga faili lolote.

Nyumbani tuna cherehani ya zamani ya miguu, niliachiwa na marehemu baba. Inakaa sebuleni, haifanyi kazi ila kubeba picha za watoto. Nikaanza kuona mkanda wake unalegea. Naukaza, baada ya siku tatu umelegea tena. Nikaamua ni panya, nikategesha mtego juu ya kanyagio.

"Panya gani anakula mkanda bila kuacha alama ya meno?" mke wangu aliniuliza.

"Panya wa siku hizi wana akili."

Aliniangalia, akaendelea kukunja nguo kwa mkono wake wa kushoto.

Wiki hizo hizo, mchungaji akiwa safarini, nilifungua sanduku la maoni nikakuta barua isiyo na jina. Mwandiko ulikuwa umepinda, herufi nyingine kubwa, nyingine ndogo, mstari unaanzia juu unaishia chini. Nikalisomea baraza.

"Wazee wetu, siku ya shukrani naomba turuhusiwe kumchezea Mungu. Nina sababu yangu."

Basi tu. Nikaiinua ile karatasi wote waione.

"Kalamu yenyewe inamshinda," nikasema, "halafu anataka kucheza."

Wazee wakacheka. Mmoja tu ndiye hakucheka, seremala, mtu wa maneno machache.

"Hiyo sababu yake, hatutamuuliza?" akasema.

"Hana jina. Tumuulize nani?"

Hoja ikafa hapo. Nikaenda ofisini, nikaandika jibu kwa mwandiko wangu mzuri, nikalibandika ubaoni: "Ombi la kucheza limepokelewa. Mwombaji anashauriwa aketi mahali pake kwa utulivu na kumtafakari Mungu." Nikapiga muhuri, nikausogelea ubao nikauangalia kama mtu aliyemaliza kushona suti.

Kesho yake karatasi haikuwepo. Kuna mtu alikuwa ameitoa. Nikajisemea, ujumbe umefika.

Mchungaji aliporudi, seremala akamweleza kila kitu. Kikao kikaitishwa.

"Katibu," mchungaji akaanza, "katika Maandiko kuna mfalme aliyecheza mbele ya sanduku la agano kwa nguvu zake zote. Pale, aliyelaumiwa si yeye. Ni mkewe, aliyekuwa dirishani akimdharau."

Kwa bahati mbaya kiti changu cha kikao kiko dirishani. Nikakisogeza kidogo.

"Mchungaji, sikatai. Lakini yule alikuwa mfalme. Hawa wetu ukiwapa wimbo mmoja leo, kesho wataomba taa za rangi."

"Mtu akilia ibadani, huwa tunamwambia nini?"

"Huwa tunamwacha alie."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hatujui amebeba nini."

"Na akicheza, unajua amebeba nini?"

Nilikuwa na ile sentensi yangu ya mgeni wa harusi, lakini niliona hali ya hewa hairuhusu. Baraza likakubali, siku ya shukrani watu wacheze, ila kwa kiasi.

"Kiasi gani?" nikauliza, kalamu mkononi. "Maana lazima niandike."

"Kiasi cha shukrani ya mtu," mchungaji akasema.

Nikaandika "kwa kiasi." Halafu nikakumbuka ni nani anayeshona sare mpya za kwaya.

Ndugu zangu, kuna raha fulani ya kipumbavu inampata mtu akishindwa kwenye kikao halafu akagundua ana sindano.

Gauni refu la kufika kifundoni, ili mtu atembee vizuri, pindo lake nalipa inchi sitini kuzunguka, au nabana na kuacha mpasuo nyuma. Mimi nikakata inchi arobaini. Mpasuo, hakuna. Mishono ya ubavuni nikaipitisha mara mbili kwa uzi wa suruali za kazi. Ukiwa ndani ya sare ile unaweza kusimama, kuketi, na kutembea kwa adabu. Kuinua goti, labda uombe kibali kwangu.

Nikashona kumi na nne hivyo, mchana kutwa, napiga mluzi. Ya kumi na tano ilikuwa ya mke wangu, na kitambaa kilikuwa kimepungua.

Nikasema moyoni, huyu si anakaa. Nikamkatia thelathini na sita.

Jioni akaniuliza, "Yangu umeiachia nafasi?"

"Imekaa vizuri."

"Nafasi ya mguu, nasema."

"Mguu unakwenda wapi?"

"Haya," akasema, akanimiminia chai.

Siku ya shukrani nilipeleka sare asubuhi ile ile, kengele inakaribia, ili asipatikane mtu wa kurekebisha. Shemeji yangu ndiye mwalimu wa kwaya. Alivaa ya kwake, akapiga hatua moja, akasimama.

"Shemeji, hii sare mbona haina njia ya miguu?"

"Ni mtindo."

"Wa wapi?"

"Wa kimataifa."

Aliniangalia kwa jicho la mtu anayeiona kanda ya harusi upya. Lakini muda ulikuwa umekwisha, wakajipanga mlangoni.

Hapa ndipo nilipojua kwamba nimeshona nguo miaka thelathini bila kuuelewa mwili wa binadamu.

Mimi nilibana magoti. Sikufikiria kwamba ukibana magoti, wimbo hauishi, unahamia juu. Akina mama walipoanza kuingia, miguu ikawa inateleza kwa hatua za inchi mbili mbili, na mzigo wote wa ule wimbo ukapokelewa na viuno. Kinanda kikipiga, viuno vinajibu. Akina mama ambao miaka yote huingia wakipunga mikono tu, siku hiyo waliingia na kitu ambacho sijawahi kukiona ndani ya jengo lile wala nje yake.

Kanisa likasimama. Watoto wakapanda juu ya viti waone. Kuna bibi alitupa kitambaa chake cha kichwani hewani.

Seremala, aliyekaa kando yangu, akaniinamia. "Katibu, kiasi ndiyo hiki?"

Nikaangalia dari. Nikahesabu mbao za dari.

Walipofika mbele na kutulia, mchungaji akasema, "Dada yetu mmoja ana shukrani yake." Mke wangu akainuka kwenye kile kiti cha mwisho wa mstari.

Fimbo aliiacha kwenye kiti.

Nikataka kunyanyuka nimsaidie. Akanipungia mkono wa kulia, ule ule uliokuwa umegoma, nikae. Nikakaa.

"Nimekaa miezi kumi na moja," akasema kwenye kipaza sauti. "Nilimwahidi Mungu kwamba mguu huu ukirudi, hatua yake ya kwanza ya furaha ni ya Mungu. Kwa hiyo nimekuwa nikiufundisha kwa siri. Hata mume wangu hajui."

Watu wakanigeukia wakitabasamu. Mimi nikawa natabasamu na jasho linanitoka mgongoni, kwa sababu tayari nilikuwa nimekumbuka inchi thelathini na sita.

Kinanda kikaanza taratibu. Mguu wa kushoto ukasogea. Bega likatikisika, bega lile la jikoni, sikuwa nimeliona karibu mwaka mzima. Kisha akauinua mguu wa kulia.

Haukuinuka.

Akajaribu tena. Kitambaa kikakaza, mguu ukarudi chini. Akaacha kuimba. Akainamisha uso akauangalia mguu wake, na nikauona ule uso wa sebuleni, uso wa miezi ya mwanzo. Aliamini umemgomea tena. Mbele ya watu, siku ya ahadi yake, aliamini kwamba mguu umemkataa.

Katika kanisa zima ni mimi peke yangu niliyejua kwamba mguu ule ni mzima. Kilichogoma ni uzi wangu.

Akaanza kuyumba.

Sikumbuki nilivyotoka kwenye kiti. Wanasema nilimruka seremala. Ninachokumbuka ni kwamba shemeji alishamdaka bega, na mimi niko chini, magoti sakafuni, nautafuta wembe kwenye mfuko wa shati. Fundi hutembea na wembe, umekunjwa kwenye karatasi, hata ibadani.

"Baba watoto, unafanya nini?" akaninong'oneza.

"Mguu wako mzima."

"Hauinuki."

"Unainuka. Ni mimi niliyeufunga."

Nikachana. Ule uzi wa suruali za kazi, nilioupitisha mara mbili kwa ujeuri wangu, ulitoa sauti iliyofika mpaka mlango wa nyuma. Mama mmoja akasema "Yesu wangu" na kumziba mwanawe macho, ingawa ndani kulikuwa na gagulo refu la heshima.

Kinanda kikaendelea taratibu.

Mke wangu akaangalia chini, akaniona pale na wembe wangu. Akauinua mguu wa kulia. Haukwenda juu sana, labda kimo cha kiatu. Ukashuka kwenye mdundo. Ukainuka tena.

Halafu akacheza. Mguu mmoja ulikuwa mwepesi na mwingine mzito, na kati ya hatua na hatua kulikuwa na kituo kidogo ambacho mpiga kinanda aliingia nacho mara moja, akamsubiri kila alipofika hapo. Mimi nilikuwa bado sakafuni. Nililia nikiwa nimepiga magoti, na kwa kweli ndiyo mara ya kwanza kanisa lile liliniona nikitikisika.

Sikupewa muda wa kulia sana.

"Na mimi," shemeji akasema, akanisogezea ubavu wa sare yake.

Nikamchana. Nyuma yake wakapanga foleni wengine kumi na watatu, mdundo unaendelea. Wimbo ule ulirudiwa mara saba ili fundi amalize. Nilizunguka altare yote kwa magoti, huku nachana, kule nachana, nabomoa kazi yangu mwenyewe, mishono ambayo siku nyingine ningeiwekea dhamana. Vijana walinirekodi. Sasa nina kanda mbili.

Nilipomaliza, mke wangu akanishika mkono akaninyanyua. Nikamwambia sijui. Akasema anajua kwamba sijui.

Nikacheza. Hatua ya kwanza, salama. Ya pili, salama. Ya tatu nikamkanyaga pindo, mpasuo ukapanda mpaka nyongani, gagulo lote nje.

"Sasa umenichania magauni mawili," akaniambia sikioni, akicheka mpaka akaniegemea.

Nyumbani nikaungama yote, inchi kwa inchi. Alisikiliza ameukunjua mguu juu ya stuli. Nilipofika kwenye thelathini na sita alifumba macho kidogo, na nikaona imemuuma. Nikamwomba radhi. Akaelekeza kidole kwenye cherehani ya baba.

"Panya wako ndiye huyu," akasema, akijigusa kifua.

Kila mchana nikiwa kibandani, alikuwa anaketi pale anakanyaga mashine isiyo na uzi, mguu wa kulia, saa nzima. Mtego wangu alikuwa anautoa, akimaliza anaurudisha juu ya kanyagio kama alivyoukuta. Siku moja ulimbana kidole, akala kiapo cha kutonung'unika ili nisijue.

Nikadhani tumemaliza. Nikainuka kwenda kuchemsha maji.

"Kuna kingine," akasema.

Akachukua kitabu chake cha nyimbo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Kabla haijafunguka yote nikauona muhuri. Kisha nikaona mwandiko, mwandiko wangu mzuri. "Mwombaji anashauriwa aketi mahali pake kwa utulivu."

Nikakaa kwenye kiti cha cherehani.

"Ile barua ilikuwa ya kwako?"

"Daktari aliniambia na mkono nao uchokozwe. Ile ndiyo barua ya kwanza niliyoandika tangu nianguke. Ilinichukua siku mbili."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ningekuambia wewe, ungenijibu nini?"

Jibu alikuwa amelishika mkononi.

Alinisamehe. Ananisamehe haraka huyu mwanamke, sijui amejifunzia wapi. Ile karatasi hajaitupa, anaitumia kuweka alama kwenye wimbo ule. Kwenye baraza nimebaki kuwa katibu, ila muhuri nimemkabidhi seremala. Sare nimezishona upya zote, inchi sabini, na ya kwake themanini, tena nikiishona yeye yuko pembeni anakanyaga mashine yake. Mkanda ukilegea naukaza, mtego nimeutupa.

Lakini kuna jambo moja sikulisema siku ile, na nimeandika yote haya ili nifike hapa. Sikumwambia kwamba niliinua barua yake mbele ya wazee, nikaucheka mwandiko. Nimeshindwa kumwambia uso kwa uso. Ila yeye husoma ninachoandika humu mtandaoni, mara nyingi kabla ya wengine.

Mama watoto, nisamehe na hilo pia.

Na wewe mwenzangu unayeketi dirishani, mikono imeshikana mbele, siku nyingine kabla hujamwambia mtu aketi, muulize kwanza amekaa kwa muda gani.